Mama Kufuli Akabidhi Funguo Ishirini na Tatu

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mkuu wa ulinzi wa malango ya bandari yetu atavua reflekta yake na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini ukilitaja pale langoni hakuna atakayeinua kichwa. Sisi sote, wa serikali na wa kampuni, tunamwita Mama Kufuli, na mwenyewe huitika.

Kwa kawaida wasifu wa namna hii huandikwa na rafiki wa siku nyingi. Mhariri wa jarida hili ameona anipe kazi hiyo mimi, afisa usalama wa kampuni ya kreni, ambaye katika miaka ya mwanzo nilimwandikia Mama Kufuli barua tatu za malalamiko, moja ikiwa na nakala kwa watu tisa. Nadhani mhariri alitaka aone nitajitetea vipi. Sitajitetea. Nitasimulia tu, na msomaji atanihurumia au hatanihurumia.

Alianza kazi kama mlinzi wa zamu katika lango la tatu, kwenye kibanda chenye kiti kimoja, kalamu iliyofungwa kwa uzi na dirisha linalotazama mizani ya malori. Siku zile bandari ilikuwa kama nyumba ya mitala ambamo kila mke ana jiko lake. Malango, uzio na gati ni vya mamlaka ya bandari. Kreni, maghala na malori ni vya kampuni. Kila upande ulifunga vyake, ukaficha funguo zake, ukamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Lango la tatu lenyewe lilikuwa na mnyororo mmoja na makufuli mawili, moja la serikali na moja la kampuni ya malori. Ili lifunguke, walihitajika walinzi wawili kwa pamoja. Yule wa serikali alikwenda kula saa sita, na yule wa kampuni alikwenda saa saba, mwenzake akirudi. Kwa hiyo kuanzia saa sita hadi saa nane lango halikufunguka hata kwa dua, na madereva walijifunza kulala. Mlinzi mpya alikaa na jambo hilo wiki mbili, kisha akawaomba wenzake waende kula pamoja. Huo ndio uliokuwa ushirikiano wa kwanza wa sekta ya umma na sekta binafsi hapa petu, na haukuhitaji semina.

Jina la Mama Kufuli alilipata mwaka wake wa nne. Alizunguka bandari nzima na mfuko wa sandarusi, akaandika kila kufuli analolikuta na kuuliza la nani. Arobaini na moja hayakuwa na mwenyewe. Mengine yalikuwa yamefunga milango ambayo hakuna aliyekumbuka inaelekea wapi. Aliita fundi, akayakata yote siku moja, na nyuma ya mlango mmojawapo walikuta meza nzuri ya ofisi ambayo ilikuwa imeripotiwa kuibwa. Aliyeiripoti, na aliyeifungia humo ili isiibwe, walikuwa mtu mmoja.

Watu wa nyumbani kwake hulishangaa jina hilo. Mumewe, fundi seremala, amenieleza kwa uchungu kwamba mama huyo akifika nyumbani hafungi kitu. Kabati wazi, mkoba wazi, mlango wa uani wazi. Baba watoto ndiye anayepita nyuma yake akifunga. Binti yao, ambaye ni mkunga, anasema mama yake hutumia akili yote ya kufunga kazini, akirudi haijabaki hata ya kufunika sukari.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wengi wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya. Mimi nilikuwepo.

Mamlaka ilikuwa imepanga zoezi la ulinzi. King'ora kikilia, ichukuliwe kwamba mtu asiyejulikana ameingia bandarini, malango yote yafungwe na asitoke yeyote. Barua ya zoezi hilo iligongwa mhuri wa siri, kwa hiyo sisi wa kampuni hatukuiona. Nasi tulikuwa tumepanga zoezi letu la dhoruba. King'ora kikilia, ichukuliwe kwamba upepo mkali unakuja, watu wote watoke mbio hadi uwanja wa juu nje ya bandari. Hatukuiambia mamlaka, kwa sababu tuliona kukimbia ni jambo la mtu binafsi. Mazoezi yote mawili yalipangwa Alhamisi ileile, saa nne asubuhi. Na bandari ina king'ora kimoja.

Kililia. Watu mia tatu wenye helmeti walikimbilia lango kuu wakamkuta Mama Kufuli, wakati huo msimamizi wa zamu, anamalizia kulizungushia mnyororo. Yeye alidhani tumetumwa na makao makuu tuigize kundi la wavamizi, na alistaajabu jinsi tulivyoigiza vizuri, hasa yule dada wa mapokezi aliyekuwa akilitikisa lango kwa mikono miwili. Sisi tulidhani yeye amewekwa pale makusudi kama kizuizi cha kupima akili zetu. Kwa robo saa nzima kila upande uliusifu upande wa pili kimoyomoyo. Meneja wa ghala la nafaka, mzee ambaye jibu lake la kwanza kwa kila ombi ni haiwezekani na kwa sababu hiyo tunamwita Mzee Haiwezekani, alikaa kwenye ukingo wa barabara, akavua viatu, akasema kama hii ndiyo dhoruba basi ina utaratibu mzuri.

Bandari ilicheka wiki nzima. Mimi niliandika barua yangu ya pili, ile yenye nakala tisa. Mama Kufuli hakucheka wala hakuijibu. Alipanda ngazi za ofisi yangu, jambo ambalo afisa wa serikali hakuwahi kulifanya bila kutanguliza barua, akaketi kabla sijamkaribisha, akaniuliza kitu kimoja tu. Upepo ule ungekuwa wa kweli, wale watu mia tatu wangefia wapi? Akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba wangefia kwenye kufuli lake, na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Sikuwahi kumwona mtu akiogopa kazi yake mwenyewe namna ile. Barua ya tatu niliiandika miaka miwili baadaye kuhusu maegesho, na hiyo naikiri kuwa ni ukorofi mtupu.

Hapo ndipo alipoanza jambo lililomkalia maishani. Wazo lake lilikuwa rahisi hata likaonekana la kitoto. Kila lango na kila ghala liwe na ufunguo wa pili, na ufunguo huo wa pili ukae kwa upande mwingine. Kampuni ishike ufunguo wa serikali, na serikali ishike ufunguo wa kampuni. Dhoruba ikija, aliye karibu na mlango aufungue, awe wa nani hata awe wa nani. Mwizi akija, aliye karibu aufunge.

Mkurugenzi wa wakati huo alimwambia kuwapa kampuni funguo za serikali ni kumkabidhi fisi bucha. Alipokuja kwetu, wakubwa zangu walimwambia serikali ikishaingia ghalani haitoki. Alizipokea kauli zote mbili, akamshukuru kila mmoja, na Jumanne iliyofuata akarudi. Mzee Haiwezekani alimkatalia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kushawishika, alimpa ufunguo.

Mama Kufuli aliuchukua, akatembea nao hadi kwenye mlango wa ghala la nafaka, akaujaribu. Haukuingia. Alijaribu mlango wa nyuma, haukuingia. Akazunguka nao eneo zima la ghala, mlango kwa mlango, mpaka ukaingia kwenye choo cha zamani cha vibarua. Hakugomba. Aliuandikia kibandiko chenye neno CHOO, akautundika ukutani pamoja na funguo nyingine mahali ambapo kila mgeni angeuona. Mzee alileta ufunguo wa kweli kabla ya saa nane mchana.

Kutokana na kisa hicho ilizaliwa desturi ambayo wageni huja kuiangalia. Ufunguo haukaguliwi kwa macho, unakaguliwa kwa kufungua. Kila Jumanne saa mbili asubuhi tunakutana langoni, wa mamlaka na wa kampuni, tunachukua funguo kutoka kwenye ubao uliochongwa na baba watoto wake, tunazunguka. Mlinzi wa serikali anafungua ghala la kampuni, mtu wa kampuni anafungua lango la serikali, na kila kufuli lililofunguka linafungwa tena na kutiwa alama. Mzunguko mzima unachukua saa moja na dakika kumi. Siku za mvua unachukua muda uleule na matusi kidogo.

Utamu wa mzunguko huo hatukuutarajia. Ukishatembea na mtu kila Jumanne, unajua goti lake la kulia linauma, mwanawe amefaulu, na kreni ya pili ina breki inayolia. Unajua pia kebo ipi imekatwa na nani alikuwa anazurura karibu na uzio. Wizi wa kebo na mafuta uliokuwa ukitusumbua kila mwezi ulipungua hadi tukio moja kwa mwaka. Hakuna aliyenunua kamera hata moja. Tulikuwa tumepata macho ya upande wa pili, bure.

Lakini si kila ufunguo uliingia kwenye ubao. Mkurugenzi alikubali malango yote isipokuwa la tano, kwa sababu nyuma yake kuna uwanja wa mizigo ambayo haijalipiwa forodha. Ufunguo wa lango la tano, alisema, hautaguswa na mkono wa kampuni. Mama Kufuli aliandika pingamizi lake kwa upole, likawekwa kwenye jalada, jalada likawekwa kwenye kabati, na kabati, kwa kawaida yake, likafungwa.

Kisha ikaja dhoruba ya kweli, miaka kumi na moja iliyopita. Watu wa hali ya hewa walitoa onyo asubuhi, wakasema upepo utafika jioni. Mama Kufuli alilisoma onyo hilo akiwa amesimama. Hakulipenda. Aliniita ofisini kwake saa tatu, akafungua kitabu cha matukio, akaandika kwamba siku hiyo na saa hiyo amemkabidhi afisa usalama wa kampuni ya kreni ufunguo wa lango la tano. Akatia sahihi. Akaniambia nami nitie. Nilimkumbusha katazo la Mkurugenzi. Akanijibu kwamba analikumbuka vizuri, ndiyo maana anaandika kwa wino.

Upepo ulifika saa nane mchana, saa nne kabla ya ahadi yake. Watu sabini na wanne walikuwa gati la mwisho wakifunga kreni kwa minyororo. Nusu saa haikupita, maji yakapanda juu ya barabara ya kwenda lango kuu, na Mama Kufuli akawa ng'ambo ya pili ya maji hayo, hawezi kutufikia. Jengo moja tu la zege lilikuwa upande wetu, nalo ni ghala la nafaka. Kulifikia kulihitaji kupita lango la tano. Mimi nilikuwa na ufunguo wa lango hilo, wa serikali. Mlinzi wa serikali aliyekuwa nasi alikuwa na ufunguo wa ghala, wa kampuni. Nilisimama mbele ya lango, nikamwomba Mama Kufuli ruhusa kwa redio ya mkononi. Sauti yake ilikuja kavu kabisa.

"Fungua baba. Jina litakaloandikwa ni langu."

Nilifungua. Mlinzi naye akafungua ghala. Waliingia sabini na wanne, tukawahesabu mara mbili, na jioni wakatoka sabini na wanne. Nyuma yetu kreni ya tatu ililala chini kama ng'ombe. Paa la ofisi yangu liliondoka na barua zangu zote, zikiwemo nakala za malalamiko, na sijawahi kuzisikitikia.

Wiki iliyofuata Mama Kufuli alisimamishwa kazi. Kumpa mtu asiyeruhusiwa ufunguo wa eneo la forodha ni kosa, na kosa hilo alikuwa ameliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Alikaa nyumbani wiki tatu. Alipoitwa mbele ya kamati alikwenda na mkoba wake ulio wazi, akasema ndiyo, alijua ni kosa, na wangemrudishia siku ile angelitenda tena. Kamati ilimuuliza Mzee Haiwezekani, kama shahidi wa upande wa kampuni, iwapo bandari inaweza kurudi kwenye utaratibu wa zamani wa kila mtu na funguo zake. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema neno analolijua kuliko yote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, lilitufurahisha. Kamati ilimrudisha Mama Kufuli kazini, na kabla mwezi haujaisha kanuni ilibadilishwa. Ufunguo wa lango la tano ukaingia kwenye ubao. Ukawa ufunguo wa ishirini na tatu.

Baada ya hapo zilikuja sifa. Alipandishwa kuwa mkuu wa ulinzi wa malango yote. Bandari nyingine zilituma wageni, wakapiga picha ubao wa seremala, wakaondoka na makabrasha. Tulitia sahihi mkataba wenye kurasa kumi na nane, mamlaka na kampuni saba, na kwenye sherehe yake wazungumzaji walitaja neno wadau mara nyingi mno hadi Mama Kufuli akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna mtu aitwaye hivyo na mbona hajawahi kumwona Jumanne.

Hata hivyo, mimi niliyekaa naye karibu najua kilichokuwa kikimla. Dhoruba hakuiogopa tena. Alichokiogopa ni siku ambayo yeye hatakuwepo. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa goti, akapumzishwa wiki sita. Paka akiondoka panya hutawala, nasi tulitawala vizuri sana. Jumanne ya kwanza kulikuwa na mvua. Ya pili kulikuwa na meli. Ya tatu tulisema tutazunguka kesho. Kampuni mbili zilibadilisha makufuli yao bila kumwambia mtu. Aliporudi, akichechemea na fimbo, alichukua funguo akazunguka peke yake. Funguo tisa kati ya ishirini na tatu hazikufungua kitu.

Nilimkuta kibandani lango la tatu, kwenye kiti kilekile cha ujana wake, zile funguo tisa zikiwa mapajani. Hakulaumu mtu. Aliniambia tu kwamba miaka yote hii alidhani anajenga kitu, kumbe alikuwa anakibeba, na siku atakayokitua kitaanguka, na kikianguka kitaangukia watu. Niliona aibu ya kweli. Naona aibu hata sasa ninapoiandika.

Tangu siku hiyo alianza kazi ngumu kuliko zote, ya kujifanya hahitajiki. Uenyekiti wa Jumanne aliuweka kwa zamu, wiki hii mtu wa mamlaka, wiki ijayo mtu wa kampuni. Yeye alikaa nyuma kabisa. Mwenyekiti akikosea, alitazama juu. Akiulizwa swali ambalo jibu lake liko kwenye kitabu, alijibu kwamba goti linamuuma. Aliomba walinzi wa kampuni na wa mamlaka wabadilishane vituo siku mbili kila mwezi, na akaacha makusudi kuja Jumanne moja kati ya nne. Siku hizo alikuwa akijificha sokoni, binti yake anasema, akinunua vitunguu visivyohitajika na kutazama saa.

Tulijitahidi. Lakini mwezi Mei ulipofika na yeye akaanza likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, hakuna aliyeweza kumhakikishia lolote. Siku zote dhoruba ikikaribia, macho yetu yalimtafuta yeye. Aliondoka akiwa na hofu hiyo, nasi tukabaki nayo.

Wiki tatu zilizopita, Alhamisi asubuhi, onyo lilitoka tena. Mama Kufuli alilisikia redioni akiwa anakuna nazi. Mumewe anasema alisimama na kaniki kiunoni, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, akafika lango kuu saa nne na nusu, goti na yote.

Langoni alimkuta binti mwenye miezi minane kazini. Ni mlinzi wa kampuni ya malori, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kusimama kwenye lango la mamlaka. Binti alimpa shikamoo yake vizuri, kwa magoti kidogo. Kisha akamweleza kwamba onyo la pili limeshatolewa, na baada ya onyo la pili haingii mtu asiye kwenye orodha. Mama Kufuli akamwambia atazame orodha. Binti akatazama, mstari kwa mstari, na kidole. Majina ya walio likizo huondolewa kila Jumatatu, na la kwake lilikuwa limeondolewa.

Mama Kufuli alijaribu upole. Alijaribu cheo. Alimuuliza kama anamjua yeye ni nani.

"Nakujua, Mama. Wewe ndiye uliyetufundisha. Naomba usogee juu na wenzako, hapa si salama."

Akanipigia simu. Sikupokea, kwa sababu nilikuwa nafungua lango la tano na mtu wa forodha ameshika mnyororo. Akampigia Mzee Haiwezekani. Hakupokea, kwa sababu alikuwa ndani ya ghala akipanga watu ukutani. Akampigia msaidizi wake mwenyewe, ambaye alipokea, akamwambia Mama nitakupigia baadaye, akakata.

Basi akasogea juu. Alisimama kwenye baraza la duka la vipuri linalotazama uzio, katikati ya madereva na wapita njia, akatazama bandari yake kwa mara ya kwanza kutoka nje. Aliona malango yakifunguka, moja baada ya jingine, na watu wakitoka bila kukimbizana. Aliona reflekta za rangi mbili zimechanganyika kiasi kwamba hakujua nani wa serikali na nani wa kampuni. Watu mia moja na kumi na wanane walitoka au kuingia ghalani kwa dakika kumi na tisa. Funguo zote ishirini na tatu zilifungua. Upepo ulikuja, ukachukua bati za kantini na helmeti yangu mpya, ukapita. Hakuumia mtu. Kwenye redio, asubuhi nzima, hakuna aliyeita jina la Mama Kufuli.

Ilipofika mchana nilikwenda kumtafuta, nikiwa na maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya binti. Nilimkuta amekaa kwenye kreti ya soda, kaniki kiunoni, machozi yanamtiririka, na anacheka kiasi kwamba dereva mmoja alikuwa amemletea maji. Aliniambia kwamba wamemfungia nje. Alilirudia hilo mara tatu, kila mara kwa furaha zaidi, kama mtu anayetangaza posa ya mwanawe. Kisha akaniomba nisimkemee yule binti, na nisimsifu sana pia, maana Jumanne inakuja na kazi bado ipo.

Kwa hiyo tarehe 30 atakabidhi funguo, na safari hii tunajua zitapokewa. Kwa niaba ya mamlaka na kampuni zote saba, na kwa niaba ya watu sabini na wanne ambao watoto wao wanawaita baba na mama hadi leo, tunamshukuru. Kwa niaba yangu binafsi, nazifuta barua zote tatu, hata ile ya maegesho.

Mumewe ametuambia kwamba kwa miaka hii yote, upepo ukianza tu kuvuma, mkewe huamka akakaa kitandani na viatu miguuni. Mama yetu, tunakutakia goti lisilouma, vitunguu unavyovihitaji kweli, na maisha marefu yenye heri pamoja na baba watoto. Na ukiusikia upepo, geukia upande wa pili uendelee kulala. Lango lina watu.